Dole Gumba la Mshona Magunia

Saa moja kasorobo asubuhi mshona magunia aliweka dole gumba lake la kulia kwenye mashine ya geti la kinu cha unga, na mashine ikamkataa. Alilifuta dole kwenye aproni, akaliweka tena. Taa nyekundu ikawaka. Nyuma yake foleni ilisogea hatua moja, ikasimama, na mtu mmoja akaguna.

"Dada, jaribu la kushoto," alisema mlinzi wa geti, ambaye alikuwa mdogo wake wa tumbo moja.

Akajaribu la kushoto, kisha vidole vinane vilivyobaki, kimoja baada ya kingine. Mlinzi akamshika mkono, akaugeuza upande wa mwanga. Ncha za vidole zilikuwa laini kama ganda la yai. Hapakuwa na mstari hata mmoja.

"Asiyekuwepo na lake halipo," mlinzi akasema, akimwonyesha kioo cha mashine. "Hii inasema hujaja."

"Kwani wewe hunioni?"

"Nakuona sana. Ila hakuna aliyeniuliza mimi."

Akamfungulia mlango mdogo wa pembeni. Dada mtu akaingia, akashona midomo ya magunia mia nne na kumi, na jioni orodha ikaonyesha kwamba siku nzima hakuwepo.

Mumewe alikuwa mpaka grisi, mtu wa kulainisha mashine, wa kinu hicho hicho, miaka ishirini na mitano sasa. Wenzake walimwita Masikio, kwa sababu alikuwa na fimbo ya chuma ambayo aliigusisha kwenye beringi ya mashine upande mmoja, upande wa pili akauweka sikioni, kisha akasema beringi ile itakufa lini. Hakuwa akikosea zaidi ya siku mbili. Kazi hiyo ilikuwa imemfanya mtu wa kushuku. Alijua kwamba mashine huficha ugonjwa wake hadi siku ya kuvunjika, na aliamini watu nao ni hivyo hivyo. Nyumbani alikuwa akitikisa birika kabla ya kukubali kwamba lina maji.

Alikuwa na mambo mawili ya kujivunia. La kwanza, kila Ijumaa alizipima shafti, vyuma vinavyozungusha mawe, kwa kipimo cha skrubu alichokitunza ndani ya kitambaa cha sufi, kipimo chenye uwezo wa kuona hata unene wa unywele. La pili, hakupaka grisi kwa pampu. Aliipaka kwa dole gumba. "Pampu haina hisia," alikuwa akiwaambia vijana wa pampu, na vijana walimwacha na ukale wake. "Dole likikutana na chembe ya mchanga, linajua."

Miezi minne kabla ya asubuhi ile ya geti, kinu kilikuwa kimeletewa grisi mpya katika mapipa meupe yasiyo na maandishi. Mhandisi aliwakusanya wafanyakazi, akawaeleza kwamba imetengenezwa kwa chembe ndogo kuliko vumbi la unga, na kwamba baada ya hapo chuma hakitalika tena. Watu wakapiga makofi. Masikio alichota kidogo, akaisugua kati ya dole gumba na cha shahada. Hakuhisi kitu. Ilikuwa kama kusugua hewa, na jambo hilo halikumpendeza.

Wiki ya kwanza mashine zilinyamaza. Mawe ya kusagia yalizunguka bila mlio, mikanda ikakimbia kimya, na wafanyakazi waliozoea kupigiana kelele waligundua kwamba wanaweza kunong'ona. Wiki hiyo hiyo wakubwa wote walihamisha ofisi zao kutoka ghorofa ya juu ya kinu kwenda jengo la ng'ambo ya barabara, katikati ya uwanja mpana wa majani. Tangazo ubaoni lilisema wamehama kwa sababu ya kelele. Masikio alilisoma tangazo mara mbili. Kisha akaligeuza kuona kama nyuma limeandikwa sababu nyingine.

Shafti kubwa, iliyozaliwa na milimita themanini kamili, ilikuwa imelika kwa miaka mingi hadi sabini na tisa na nukta tisini na nne. Mwezi wa kwanza wa grisi mpya ilibaki pale pale. Mwezi wa pili ikawa sabini na tisa na nukta tisini na saba. Mwezi wa tatu ilifika themanini, na mwezi wa nne ikazidi. Shafti ilikuwa inanenepa. Masikio alikifuta kipimo, akapima tena, na jibu likawa lile lile. Anayenenepa amekula, aliwaza, na akaanza kutafuta kilicholiwa.

Hakutafuta mbali. Mpagazi waliyemwita Bonge alikuwa na shimo begani, pale magunia yanapolala, kama ngazi ya jiwe iliyokanyagwa na vizazi, na siku za mvua maji yalituama humo, naye akayamwaga kwa kuinama upande. Mama mfagizi alikuwa amelika kicheko. Kilibaki kipande cha mwanzo tu, na alipochekeshwa alianza, kisha akakaa akisubiri. Hakuna aliyeyafanya haya kuwa hadithi. Bonge alisema ni umri. Mama mfagizi alisema hata hivyo siku hizi hakuna cha kuchekesha.

Ila dole la mkewe lilikuwa jambo jingine. Jioni ile ya orodha, Masikio alikitoa kipimo kwenye sufi, akalipima dole la mkewe juu ya meza ya chakula. Milimita kumi na saba na nukta ishirini. Baada ya siku tatu, kumi na saba na nukta kumi na moja. Pete ya ndoa ilikuwa inateleza, akaifunga kwa uzi. Masikio aliogopa. Alikuwa ameona shafti nyingi zikifikia mahali ambapo hazirudi, na alikijua kipimo cha mahali hapo.

"Chukua likizo," akamwambia. "Kaa mbali na zile mashine."

Mkewe akachukua likizo ya wiki tatu, akakaa nyumbani. Watoto walikuwa wamekwisha kuoa na kuolewa, nyumba ilikuwa yao wawili. Masikio alikwenda kazini, akarudi, wakala pamoja, wakakaa bega kwa bega wakisikiliza redio. Mwisho wa wiki ya kwanza dole lilikuwa kumi na sita na nukta themanini. Nyumbani alikuwa akilika upesi kuliko kiwandani.

Basi mla watu alikuwa anaingia ndani ya nyumba, na aliyeingia wiki hiyo alikuwa mmoja tu. Mlinzi wa geti alikuja kila siku kumjulia hali dada yake, na kila siku alikuja saa ya chakula. Masikio alimtazama kwa jicho la pembeni. Shemeji yake alikuwa na afya. Mashavu yamejaa, sauti nzima, kicheko kinafika mwisho wake. Kinu kizima kinalika, yeye anang'aa! Bila shaka ameiba kopo la grisi, anajipaka chumbani kwake, na dada yake wa damu ndiye anayelipa.

"Lete dole," Masikio akamwambia mezani, kabla hata shemeji hajanawa.

"Dole langu la nini tena?"

"Lete tu."

Akalipima Jumatatu, akalipima Ijumaa. Halikupungua hata unywele.

"Hata unywele!" Masikio akasema, na akakiweka kipimo mezani kwa nguvu. "Kopo liko wapi?"

"Kopo gani, shemeji? Mimi nakaa getini. Kinu kile pale, mimi huku, hata unga haunifikii." Mlinzi alijimegea chakula bila haraka. "Wewe ungemshuku hata mama yako kwa kukuzaa. Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema. Hebu nipe hicho kidude, na wewe tukupime."

Masikio alimpa mkono ili wamalize ubishi. Mlinzi alikaza skrubu akiwa ametoa ulimi kidogo, kama mtu anayetia uzi kwenye sindano, akasoma namba. Masikio akamnyang'anya, akasoma mwenyewe. Kisha akalitazama dole lake, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa muda mrefu, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kutazama vya wengine.

Tangu siku alipokijaribia kipimo mkononi mwake, lilikuwa limeongezeka milimita moja nzima. Kovu la mkanda lililomkata mwaka wa pili wa kazi lilikuwa limejaa na kufutika. Sugu zote zilikuwa zimeondoka, na mistari ya dole ilikuwa mipya, mirefu, imesimama kama ya mtoto. Alikuwa na miaka hamsini na sita.

Mkewe alikuwa akiosha sahani. Hakugeuka.

"Nilijua tangu wiki ya pili," alisema. "Ukinishika, nahisi."

"Mbona hukusema?"

"Ungekuwa mtu wa kuambiwa, ningesema. Wewe lazima upime."

Masikio aliona aibu ambayo hajapata kuiona. Alikwenda bombani, akanawa kwa sabuni, kwa majivu, kwa mafuta ya taa, kwa mchanga. Mchanga ulilainika. Grisi haikutoka.

Jumatatu alivuka barabara kwenda kwa Mhandisi. Njiani, kwa mazoea, alihesabu hatua kutoka ukuta wa kinu hadi mlango wa ofisi. Zilikuwa sitini na tatu. Mhandisi alikuwa mtu mpole, na alimpa kiti.

"Shafti inanenepa," Masikio akasema. "Mke wangu anakonda."

Mhandisi hakushangaa. Alifungua droo, akatoa karatasi zilizokuja na mapipa, akamwekea kidole kwenye mstari wa ukurasa wa nyuma. Iliandikwa kwamba kulika hakuondoki bali huhama, hukiendea kilicho karibu zaidi ambacho hakikupakwa, na kwamba umbali salama ni hatua sitini.

"Kwa hiyo mlijua."

"Tuliarifiwa, mzee. Kujua ni neno zito."

"Tangazo lilisema mmehama kwa sababu ya kelele. Kinu kilikuwa kimya."

Mhandisi alitazama uwanja wa majani nje ya dirisha. "Kelele za baadaye," alisema.

Masikio aliuliza kama grisi inaweza kutolewa mkononi. Mhandisi alijibu kwamba haiwezi, na kwamba hiyo ndiyo sifa yake kubwa. Maelekezo yalikuwa itumike pampu. Kuhusu kuitoa grisi kwenye mashine, alisema uzalishaji umepanda kwa theluthi. Kuhusu mke, alisema amesikia habari za geti, na kwamba ofisi si ya watu wasio na huruma. Kuanzia sasa, mfanyakazi asiye na alama za vidole anaweza kuwekewa dole na mwenzi wake. Akaiandika ruhusa hapo hapo, akaipiga muhuri.

Jioni ile Masikio hakuingia nyumbani. Alisimama mlangoni pake, akageuka, akahesabu hatua kwenda upande wa barabara. Hatua ya ishirini na mbili ilikuwa dirisha la fundi cherehani. Ya arobaini ilikuwa baraza la mama mwenye pacha. Ya sitini iliangukia kwenye kizingiti cha mwalimu mstaafu, aliyekuwa amekaa anasoma gazeti, na mwalimu, kwa kuwa habari zilikuwa zimekwisha kuenea mtaani, akamtazama mkono, akakunja gazeti, akaingia ndani, akafunga. Masikio akarudi, akahesabu upande wa pili, kisha wa tatu. Mtaa ule haukuwa na mahali pa mtu kusimama bila kuwa karibu na mtu mwingine. Nafasi hiyo aliiona sehemu moja tu, kwenye uwanja wa ofisi, na uwanja ule ulikuwa na uzio.

Siku tatu alikula chakula chake akizunguka na sahani, dakika chache kila mlango, ili asimalize nyumba moja. Majirani hawakumtukana. Walimsalimia kwanza, ndipo wakafunga madirisha. Mama mwenye pacha alimwomba radhi kabisa.

Siku ya nne mkewe alitoka hadi barabarani.

"Baba watoto, ingia ndani. Umesimama huko kama mtu aliyesahau kubisha hodi."

"Nikiingia utalika."

"Na nikikaa peke yangu je, ndiyo siliki?" Alikuwa ameushika mlango, na kupitia mkono wake mwanga wa taa ulionekana kidogo. "Mimi niliolewa na mtu. Sikuolewa na hatua sitini."

 Masikio alimpenda mke huyu, na alikuwa amechoka, na mambo hayo mawili yalimvuta upande mmoja. Akaingia. Wakakaa mbali kadiri chumba kilivyoruhusu, yeye kwenye kona ya redio, mkewe kwenye kona ya jiko. Kabla redio haijamaliza taarifa ya habari, mkewe alikuwa amekwisha kuhamisha kiti chake. Masikio hakukigusa kipimo usiku ule, wala tena.

Likizo ilipokwisha walikwenda kazini pamoja. Saa moja kasorobo Masikio aliweka dole gumba lake kwenye mashine ya geti, na taa ya kijani ikawaka kabla hajalikandamiza. Kisha mkewe akasogea mbele. Mlinzi akaisoma ile ruhusa, akaukagua muhuri, akawapisha. Masikio akaliweka dole lile lile kwa niaba yake, na taa ya kijani ikawaka tena.

"Haya, dada, umeingia," mlinzi akasema. Kisha akainama kwenye kioo, kwa kuwa naye sasa alikuwa amejifunza kushuku, akasoma kilichoandikwa. Mpaka grisi yupo. Mpaka grisi yupo. Mshona magunia hayupo.

Alimtafuta dada yake amwambie, lakini foleni ilikuwa imesogea, na kati ya watu waliokuwa wakiingia mlangoni mwa kinu hakuweza kutambua yupi ndiye.