Mashuka Hukunjwa na Wawili

Shuka la kwanza lilikuwa na usaha, la pili matapishi, na la tatu dobi hakutaka kujua lina nini. Alilisukumia ndani ya mashine, akaufunga mlango wake kwa goti. Glavu zake zilitoboka zamani. Kila akiuliza, hospitali inamjibu kuwa mpya zinakuja.

Uchafu wa wagonjwa alishauzoea. Kilichokuwa kikimmaliza ni kukunja peke yake. Shuka likikauka hukunjwa na watu wawili: mmoja huku, mwingine kule, mnavuta, mnakutana katikati. Tangu amzike mwanawe, dobi hakuona ladha ya chakula wala haja ya kuamka. Kilichokuwa kikimtoa kitandani ni kwenda kukunja na mwenzake, mwanamke waliyembandika jina la Cherehani kwa kuwa mdomo wake haukujua kupumzika.

"Lia upesi, shoga, shuka jingine hili linakungoja," Cherehani alikuwa akimwambia, na dobi alijikuta analia na kucheka kwa pamoja. Wakikutana katikati, Cherehani alimbana vidole kidogo kabla ya kumwachia.

Kisha msimamizi akampunguza Cherehani kazini. Alisema mtu mmoja akijipanga anatosha. Sasa dobi alifunga pembe mbili za shuka kwenye nondo za dirisha, akavuta upande wa pili, kimya.

Ilipofika siku ya afya ya akili, wafanyakazi waliitwa ukumbini wakavalishwa fulana mpya zilizoandikwa ONGEA kifuani. Mshauri aliyeletwa kutoka nje aliwataka wafumbe macho na kuvuta pumzi. Dobi akavuta, akanusa dawa ya kufulia mikononi mwake mwenyewe.

"Kila mtu awe na mtu wake wa kuongea naye," mshauri alisema. "Mama, wewe hapo nyuma, unaye?"

Dobi akasimama. "Nilikuwa naye. Mkamfukuza. Mrudisheni tu, hayo mengine nitajikongoja nayo."

Msimamizi alikiwahi kipaza sauti, meno yote nje. "Mama yetu huyu mcheshi sana! Tumpigie makofi."

Wakapiga. Hata wapishi waliokula na kucheka na Cherehani miaka yote walipiga. Dobi alitamani kuwatemea mate.

Walipomaliza kula kuku, msimamizi alimfuata mlangoni akichokonoa meno.

"Dada, nakuhurumia. Mshauri anasema unahitaji mapumziko. Sasa mapumziko mimi nitayatoa wapi? Basi kuanzia kesho usije kula na wenzako, unawavunja moyo. Chakula utaletewa hukohuko kufulia. Utulie."

"Bosi, nikikaa mle peke yangu nitakufa."

"Unaona? Maneno hayohayo ndiyo hatutaki watu wayasikie."

Jioni mlango wa chumba cha kufulia ulisukumwa, gunia likaingizwa kwa mguu. Lilikuwa limejaa fulana za ukumbini, zimelowa jasho, zimepakwa mafuta ya kuku, moja imefutiwa kamasi.

"Zikauke kabla ya asubuhi," msimamizi alisema, leso puani. "Zinakwenda hospitali nyingine."

Dobi aliinama kuzitoa.

"Na hiyo uliyovaa," alisema msimamizi. "Ivue."

Akaivua, akaitupia mashineni pamoja na zile nyingine.