Ua la Mzee Enoch

Kila Jumapili ya kupamba makaburi, ukoo wote wa Lettie hupanda kilimani na maua ya karatasi na vyungu vya maharage. Kila kaburi hupata ua, hata la mjomba aliyeiba farasi. Moja tu huachwa tupu: la Mzee Enoch, baba yake Lettie, aliyekula yamini kanisani kwamba Hobart hatamwoa binti yake. Lettie akaolewa naye hata hivyo, ana miaka kumi na saba, na mzee hakukanyaga kwake mpaka mgodi ulipomfukia miezi minne baadaye.

Verlene, mjukuu wa Lettie, alilionea huruma kaburi lile tangu utotoni. Ila mama yake, Ocie, aliyefikisha miaka tisini na mmoja, hakutaka kusikia. "Yeye alimpa mama yangu ua gani?" Ndilo jibu lake siku zote. Basi Ijumaa Verlene akateremka mjini, kwenye kumbukumbu za kaunti, atafute kama yule mkaidi aliacha japo neno moja jema.

Darla, karani, alimletea daftari la ndoa la mwaka 1931, zito kama mtoto aliyelala.

"Bibi yako si ndiye yule aliyemdanganya karani umri?"

"Ndiye. Alivaa kofia ya dada yake. Kajisifu mpaka anakufa."

"Karani wa hapa adanganywe na mtoto wa hapahapa? Mji huu hata paka umri wao unajulikana, dada."

Nyuma ya ukurasa, kwa pini yenye kutu, kilikuwa kimebanwa kikaratasi. Sheria ilidai idhini ya baba kwa binti asiyefika miaka kumi na minane, na idhini yenyewe ndiyo hiyo, kwa penseli, ya siku moja kabla ya ndoa:

"Bwana karani. Kesho Lettie wangu atakuja na Hobart. Atasema ana kumi na minane. Ana kumi na saba. Waozeshe. Mimi nimeshaapa mbele za watu. Usimwambie kitu, mwache afurahi kwamba ametushinda. Enoch."

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Verlene alilia palepale mbele ya Darla, wala hakuona haya.

Jumapili alimsomea mama yake nakala, wakiwa wamesimama kando ya kaburi la Lettie.

"Soma tena," alisema Ocie.

Akasoma tena.

"Kumbe alijua. Na mama alitusimulia ile kofia kila Krismasi, tunacheka mpaka mbavu zinauma."

Ocie aliinama akachukua juu ya kaburi la Lettie ua kubwa kuliko yote, alilolitengeneza kwa mkono wake. "Mama, naliazima hili," aliliambia kaburi. Akakataa kushikwa mkono, akajikongoja na fimbo yake hadi kaburi tupu, akaliweka.

"Alishinda, babu," alimwambia. "Alifurahi maisha yake yote."

Kisha akamwomba Verlene amletee kiti.