Msamaha wa Nyumba ya Timazi

Jina la Timazi, ile kamba yenye uzito ya kupimia unyoofu wa ukuta, alipewa na mafundi wenzake, kwa sababu ukuta alioujenga haukuwahi kwenda kombo. Nyumba yake aliijenga mwenyewe chumba baada ya chumba, akipata mfuko wa saruji leo, mabati mwakani, mpaka mkewe akawa anatania kwamba atahamia sebuleni akiwa ameshaota mvi. Mkewe alihamia, akakaa kidogo, akafariki. Kisha Timazi akaanguka kutoka kwenye jukwaa la ujenzi, akavunjika mgongo, na tangu hapo miguu yake ikawa mizigo tu anayobebewa na wengine.

Aliyeibeba ni bintiye. Alikuwa msusi. Alirudi nyumbani, akafungua saluni katika chumba cha mbele, na maisha yakasonga. Kati ya kichwa kimoja na kingine alikuwa akikimbia ndani kumgeuza baba yake ubavu, kumpa maji, kumbadilisha shuka. Timazi alilala akisikiliza umbeya wa wateja kupitia ukutani, na jioni alimuuliza binti, "Yule mwenye mume mlevi, amemrudia au bado?"

Shida ilikuwa kodi ya jengo. Kila mwaka ilipanda, na kila mwaka walibaki nyuma. Ndipo manispaa ikatangaza msamaha kwa wazee na walemavu wanaomiliki nyumba.

"Mimi nina sifa zote mbili," Timazi alisema. "Huenda wakanirudishia na chenji."

Mkaguzi wa manispaa alipokuja alikuwa mwanamke kijana, mpole, mwenye adabu zake. Alisema shikamoo, akaketi kwenye kigoda kando ya kitanda, akauliza maswali yake. Kicheko kikalipuka chumba cha mbele. Akageuza shingo.

"Baba, kule mbele kuna nini?"

"Binti yangu anasuka nywele. Ndizo zinazotulisha."

Mkaguzi aliacha kuandika. "Msamaha ni kwa nyumba ya kuishi tu. Ikiwa na biashara ndani, hata chumba kimoja, haipati."

"Si mnipunguzie, basi? Chumba hicho nikilipie, vingine mnisamehe."

"Ningekuwa na uwezo huo ningefanya, baba. Sheria haikuweka nusu. Mkiiondoa saluni, nitarudi kukagua tena."

Usiku ule baba na binti walivutana.

"Tufunike viti na mashuka siku atakayorudi," binti alisema. "Nani atajua?"

"Mtaa mzima unajua. Wakitugundua tutalipishwa na faini juu yake, nyumba iende. Hamisha, mwanangu. Tafuta kichumba karibu na soko."

"Na wewe nani atakugeuza?"

"Nitajikaza. Mimi si yai."

Binti alihamisha vioo, viti na mabeseni yake. Kule sokoni kodi ya pango ilimeza alichopata, hivyo akawa anaondoka alfajiri na kurudi giza likiwa limeshaingia, miguu imemvimba. Jirani aliahidi kupita mchana. Alipita mwanzoni, kisha akawa anapita akikumbuka, kisha hakukumbuka. Timazi alilala juu ya unyevu wake kutwa, akitazama dari, na nyumba ilikuwa kimya kiasi kwamba alianza kumwonea hamu hata yule mwenye mume mlevi. Kidonda kikamtoka nyongani. Alikificha hadi harufu ikamsaliti.

Binti alilia alipokiona. Lakini machozi hayalipi pango, na kile kichumba cha soko kilimshinda. Rafiki yake alikuwa na saluni kubwa mji mwingine, akamwita. Wakapatana kwamba Timazi ahamie kwa mdogo wake kwa muda, kidonda kipone, na binti awe anatuma matumizi.

Kwa mdogo wake walimpa kitanda nyuma ya jiko. Shemeji yake hakuwa mtu mbaya. Alichoka tu, na kuchoka kwake kulisikika kwenye namna alivyoweka sahani.

Mkaguzi alirudi kama alivyoahidi, akakuta kufuli mlangoni. Akapiga simu.

"Baba, saluni naona imeondoka. Hongera. Sasa nyinyi mko wapi?"

Mdogo wake alikuwa karibu, akimkonyeza aseme yuko hospitali. Timazi alimtazama, kisha akajibu, "Niko kwa mdogo wangu. Siwezi kukaa peke yangu."



"Mwenye nyumba lazima awe anaishi humo mwenyewe," mkaguzi alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayetamani kuwa na kazi nyingine. "Ukirudi utaniambia, tutaanza upya."

"Nitakuambia," Timazi alisema. Wote wawili walijua kwamba hatarudi.

Mdogo wake akaipangisha nyumba kwa mfanyabiashara wa magunia ili deni la manispaa lipungue. Chumba alichofia mke wa Timazi kikawa stoo.

Jumapili binti alipiga simu. Nyuma yake kulisikika mashine za kukausha nywele na wanawake wakizungumza.

"Baba, mkaguzi alirudi?"

"Alirudi."

"Akasemaje?"

Timazi alilamba midomo yake iliyokauka. "Wamesamehe. Yote."

Binti alivuta pumzi ndefu, na kwa mara ya kwanza tangu aondoke akacheka. "Nilikuwa najilaumu kukuacha. Kumbe haikuwa bure."

"Haikuwa bure, mwanangu. Fanya kazi."

Alimrudishia shemeji simu yake, akamwomba, kama hatajali, amgeuze ubavu wa pili.

"Ngoja niepue chungu," shemeji alisema, akatoka.

Akangoja.