Sungura Kwenye Kesi ya Mauaji

Mke wangu alitoka chumbani kashika kitabu kama mtu aliyeshika panya kwa mkia.

"Baba watoto, nani kamtia sungura humu?"

Nikatazama. Mpelelezi alikuwa kachuchumaa sebuleni kwa tajiri aliyeuawa, anakagua doa kwenye zulia. Funua ukurasa: sungura anamdanganya fisi.

Kitabu kilikuwa kimelegea, tukampelekea fundi wa kushona vitabu. Kumbe alifumua viwili kwa pamoja, saizi moja, karatasi moja ya manjano, akachanganya nusu kwa nusu. Hadithi hasomi, anafuata namba za kurasa.

"Namba si zimefuatana, shemeji?" akajitetea tulipomwendea. "Sasa kosa langu liko wapi?"

"Kesho nafanyiwa operesheni ya macho," mke wangu akamjibu. "Siendi kufungwa bandeji kabla sijajua nani kaua."

Nilidhani utani. Nikamtazama usoni, nikaona hakuna utani pale. Na nafasi hiyo hospitali tumeisotea mpaka tumeota mvi.

Fundi akakumbuka: nusu ya kitabu chetu ilikwenda kwa mwalimu mkuu mstaafu, mwenye kitabu cha ngano za kale. Mtaa mzima unamjua: kwake riwaya za upelelezi ni takataka. Mimi zangu za mapenzi huzifunga gazeti nikipita mlangoni kwake.

Tukabisha hodi. Akakawia. Akatoka miwani puani, kidole kakibana katikati ya kitabu.

"Shikamoo, Mwalimu. Tumefuata takataka yetu."

"Marahaba. Ngojeni kwanza." Akakificha mgongoni. "Nilikuwa... nakagua makosa ya lugha."

"Umeyaona mangapi?"

"Hebu niambieni, huyu mpishi ni nani? Mbona wote wanamwogopa?"

Mke wangu akaruka. "Mpishi! Kumbe bado yuko hai?"

"Yuko hai, na kakimbia na ufunguo."

"Wa kabati au wa geti?"

"Kumbe ziko mbili!" Mwalimu akafungua mlango wote. "Ingia, binti yangu, ingia."

Mke wangu akamsimulia mwanzo, kwa mikono na sauti za watu wote. Mwalimu akamsomea mwendelezo kwa sauti ya darasani. Mimi nikasahauliwa pembeni kama mwavuli wa mgeni, lakini masikio hayana pazia, nikasogeza kiti. Tukamshuku mpishi, tukamwachia. Tukamkamata mpwa, tukamwachia. Tukawa tunamnyemelea daktari, zimebaki kurasa chache, mke wangu akaweka kiganja juu ya kitabu.

"Hapo hapo. Usisome."

"Nini tena?" tukauliza kwa pamoja, wazee wazima.

"Nikishafungwa macho, wodini nitasikiliza nini, feni? Mwalimu, kesho jioni uje unimalizie. Nitakuwa nakungoja."

Mimi nilishusha pumzi: kumbe hospitali anakwenda. Mwalimu aliguna kama mtoto aliyenyang'anywa mpira.

Asubuhi aliingia chumba cha operesheni kwa miguu yake, akimuuliza daktari kama anamiliki zulia. Jioni nilipofika wodini nilimkuta Mwalimu keshatangulia, koti limenyooshwa, kitabu kwapani, anabishana na muuguzi aliyeziba mlango.

"Mzee, muda wa kuona wagonjwa bado."

"Dada, hili ni suala la mauaji!"

Muuguzi akatutazama, mmoja mmoja, akakitazama na kitabu. Akachungulia ukumbini, kisha akasogea kando na kushusha sauti:

"Nani kafa?"