Ushahidi wa Ottilie Brandau

Mtu aliyeingia katika duka la ushonaji la Ottilie Brandau asubuhi ile alivua kofia, akabaki amesimama karibu na mlango kama anayesubiri ruhusa. Ottilie alikuwa anapunguza kiuno cha suruali ya tarishi mmoja. Alimtambua mgeni kabla hajafungua mdomo. Miaka kumi na miwili ilikuwa imepita na nywele zilikuwa zimemwisha, lakini bega la kushoto lilishuka kuliko la kulia vilevile.

"Naitwa Ewald Tiemann," alisema. "Sijui kama unanikumbuka."

"Nakukumbuka. Funga mlango."

Mwaka huo wa 1956, pale Hameln, hapakuwa na mtu aliyejua yote yaliyompata Ottilie. Mumewe, Reinhold, fundi wa reli, alijua kwamba mkewe alifungwa kambini wakati wa vita, na aliamini ilikuwa kambi moja tu, ile ya wanawake kule ziwani. Hakuuliza zaidi, naye hakueleza zaidi. Nyumba nyingi za mji ule ziliishi hivyo.

Walimkamata akiwa na miaka ishirini na mbili, kwa kosa la kuacha kazi mara mbili katika kiwanda cha risasi. Polisi wakaandika kwamba ni mtu asiyefaa katika jamii, na kambini akashonewa pembetatu nyeusi kifuani. Alikaa miaka miwili kule ziwani akipakua makaa ya mawe, hadi siku walipopangwa mstari, ofisa na daktari wakapita wakiwatazama meno na miguu. Ikasemwa kwamba wanatakiwa wanawake wa kwenda kwenye jengo maalumu katika kambi ya wanaume, na kwamba baada ya miezi sita wataachiliwa huru. Rafiki yake Hermine, ambaye siku hizo alikuwa anakohoa damu, alimnong'oneza aende tu, kwa sababu akibaki pale ziwani hataimaliza baridi ile. Ottilie alinyooshewa kidole kwanza. Alipokwisha kutolewa mstarini ndipo akaulizwa kama anakubali.

Jengo lenyewe lilikuwa la mbao, lina mapazia na vyungu vya maua dirishani, na limezungushiwa uzio wake peke yake. Wafungwa waliosifiwa na wakuu wa kambi kwa bidii ya kazi walipewa kibali cha kuingia kwa wanawake. Waliingia mmoja mmoja, kila mtu dakika ishirini, huku mlinzi akichungulia kwenye tundu la mlangoni. Wanawake walikuwa kumi na mmoja. Miezi sita ikapita, asiachiliwe hata mmoja. Yule aliyethubutu kumkumbusha ofisa ile ahadi alirudishwa ziwani akiwa mgonjwa, wasisikie habari zake tena.

Ewald alieleza shida yake bila kukaa. Alikuwa ameomba malipo ya watu walioteswa na serikali ile ya wakati wa vita, kwa kuwa yeye alifungwa kwa ajili ya chama chake. Faili lake liliungua. Wenzake aliolala nao kitanda kimoja walikufa kwenye matembezi ya mwisho, walinzi walipowaondoa kambini. Sasa ofisi inamwambia hana ushahidi kwamba alikuwa kule majira yale ya baridi. Mapafu yameharibika, kazi ya uashi haiwezi tena.

"Nimewatafuta wote," alisema. "Umebaki wewe tu."

"Na wakiniuliza nilikufahamia wapi?"

Ewald aliizungusha kofia mikononi. "Unaweza kusema ulikuwa jikoni. Au kufulia."

Ottilie alimwambia aende, arudi wiki ijayo.

Siku nne alishona vibaya. Alifumua mikono ya koti moja mara tatu. Jumapili, baada ya chakula, Reinhold alipokuwa anawasha kiko, alimwambia yote, tangu ule mstari wa ziwani hadi siku Wamarekani walipofungua geti. Alisema akiwa anatazama sahani, akasema haraka. Alipomaliza, mumewe aliweka kiko chini, akachukua kofia, akatoka. Alirudi jioni viatu vimejaa matope. Kwa wiki nzima aliongea naye mambo ya mkate na kuni tu, na Ottilie akajiambia kwamba basi, nyumba imeshavunjika.

Ewald aliporudi, Ottilie alikubali kushuhudia. Siku ya kwenda ofisini alimkuta Reinhold amevaa suti yake ya harusi.

"Twende," Reinhold alisema. "Sitaki ukae peke yako kwenye lile benchi."

Ofisa alikuwa mtu wa makamo, mpole, mwenye wino vidoleni. Ewald alikaa pembeni, Reinhold akasimama nyuma ya kiti cha mkewe. Ofisa akamuuliza shahidi alimfahamu wapi mwombaji.

Ewald alikohoa. Ottilie alijua ni kumkumbusha jiko.

"Katika jengo la wanawake ndani ya kambi ya wanaume," alisema. "Walikuwa wanatupeleka pale kwa ajili ya wafungwa. Yeye alikuja mara nne, kati ya Novemba na Februari. Namba yake ilikuwa kifuani, niliisoma kila alipokuja. Naweza kukutajia."

Akaitaja. Ofisa akafungua karatasi za ombi, akalinganisha, akanyanyua uso.

Ewald akasema kwa sauti ndogo, akimtazama ofisa, kwamba wao wawili walikuwa wakizungumza tu. Kwamba alimletea mkate.

"Mara ya kwanza tulizungumza," Ottilie alisema. "Mara ya kwanza tu. Andika hivyo."

Ewald alifunika macho kwa kiganja. Ofisa alishika kalamu bila kuandika, halafu akauliza, kwa adabu, kama mama huyu alikwenda kwenye jengo lile kwa hiari.

"Wewe ungekuwa pale ukaulizwa kama unataka kufa kwa makaa au kufa baadaye," Ottilie alimjibu, "ungeita hiari?"

Ofisa aliandika. Ottilie aliisoma karatasi mwanzo hadi mwisho, akataka tarehe moja isahihishwe, ndipo akatia sahihi.

Ewald alipata malipo yake kabla ya Krismasi. Alikuja dukani amebeba keki ya zafarani iliyofungwa vizuri, akaanza kusema kwamba hana namna ya kushukuru, na kwamba kwa zile mara nyingine tatu anaomba msamaha. Ottilie aliendelea kupiga pasi.

"Nilisema kwa sababu ni kweli ulikuwepo," alimwambia. "Sikufanya kwa ajili yako. Na msamaha sina wa kukupa leo. Labda siku nyingine, labda hapana. Keki ondoka nayo."

Akaondoka nayo.

Ombi la Ottilie mwenyewe, alilolipeleka mwezi uleule, lilijibiwa kwa mistari sita: waliovaa pembetatu nyeusi hawakuhesabiwa kuwa waliteswa na serikali ile, na kuhusu jengo, yeye mwenyewe, alipokuwa shahidi wa Ewald, hakuthibitisha kwamba alilazimishwa. Reinhold aliisoma barua mara mbili. Kisha akatoa karatasi nyingine kwenye droo, akakaa mezani, akamwomba mkewe aanze upya, polepole, yeye ataandika.

Waliandika ombi baada ya ombi kwa miaka kumi na tisa. Reinhold alipofariki, Ottilie aliendelea kwa mwandiko wake mwenyewe. Mwisho alifika katika makumbusho ya ile kambi ya wanaume, ambako kuliwekwa vibao kwenye msingi wa kila jengo, jiko, hospitali, karakana, isipokuwa pale palipokuwa na maua dirishani. Akamwita msimamizi, akamwonyesha kwa kidole. Akasimama juu ya nyasi, akiwa na umri wa miaka sitini na tatu, akamhesabia vyumba, na akamtajia majina ya wanawake kumi aliokaa nao, mmoja baada ya mwingine, mpaka yule mtu alipotoa daftari mfukoni akaanza kuyaandika.