Nderema Juu ya Paa la Jiko

Kabla hakujapambazuka Hemnalini alisikia kra, kra, kra nyuma ya jiko, kama mtu anayekata kitu chenye maji mengi. Alidhani ni mkamwana wake, Shefali, anakata boga. Akatoka pekupeku.

Alikuwa Khanto, mgeni wao tangu juzi, dada wa marehemu mumewe, mundu mkononi. Nderema yote, mboga ya majani iliyokuwa imetambaa mpaka juu ya paa, ilikuwa chini, mashina mekundu yakivuja ute.

"Wifi! Umepagawa?"

"Nimekusaidia," Khanto akasema bila kugeuka. "Jana nimekuona ukiionja. Mjane hali samaki, hali kitunguu, na nderema hali. Inatia joto mwilini."

"Joto! Nina miaka sitini na minane, magoti yanalia kama mlango mbovu. Hilo joto liko wapi nikaliote?"

Shefali, mlangoni, aliziba mdomo kwa upindo wa sari.

Hemnalini hakuwa anatania. Miezi minane tangu afiwe amenyamaza. Bangili zake zilivunjwa kwa desturi ya wajane, akanyamaza. Akavishwa nyeupe, akanyamaza. Lakini nderema hii aliipanda kwa mikono yake, akaimwagilia maji ya kuoshea mchele kila asubuhi, na marehemu hakuwahi kuchuma hata jani moja.

"Kaka yako amekwenda na vyake. Hii ni yangu!"

"Mimi nilifiwa na mume nina miaka kumi na tisa, nikarudishwa hapa," Khanto akasema. "Ninyi mlikuwa mnakula nderema na vichwa vya samaki, mnalamba vidole. Mimi nakaa pembeni na ndizi mbichi za kuchemsha. Nani alikuwa ananipakulia? Si wewe? Ulisema hata neno moja?"

Ilikuwa kweli. Mama mkwe aliagiza, naye alipakua, miaka nenda rudi. Hasira haikumtoka. Ilizidi, ila sasa sehemu yake ilimgeukia yeye mwenyewe.

"Mama," Shefali akasema polepole, "moto nimeshauwasha."

Mtoto wa watu, hakungoja kuagizwa.

Wakaokota majani, wakayapika na boga katika mafuta ya haradali. Hemnalini aliweka sahani mbili katikati ya uwanja, jua limeshatoka, majirani wakichungulia. Akala. Akatafuna mashina kwa sauti, akiwatazama majirani mmoja mmoja mpaka wakaondoka.

Khanto hakula. Alikaa mbele ya sahani yake mpaka ikapoa, machozi yakimdondoka humo humo. Kisha akabeba furushi lake.

"Basi langu litaniacha."

Hemnalini alimfuata mpaka njiani, mikono ikiwa bado inanuka nderema.

"Nimekukasirikia, Wifi! Nimekukasirikia sana, na wewe una haki ya kunikasirikia. Lakini njoo tena. Unasikia? Hata kama huli, njoo!"