Nyumba Yangu kwa Kinyozi

Usiku wa jana niliota nimeishika nyumba yangu kwa kitasa cha mlango, tuko kwenye foleni ya kinyozi. Mbele yetu kulikuwa na nyumba moja tu, ya jirani yangu Kunambi, ile iliyochorwa X nyekundu ili ibomolewe kupisha barabara. Kunambi mwenyewe alikuwa ameishikia taulo.

Kinyozi ni katapila. Amevaa koti jeupe, limepigwa pasi. Ananyoa bati moja moja na kuliangusha chini, na nyumba ya Kunambi inalia kimyakimya madirishani.

"Anayefuata," anasema bila kugeuka.

"Sisi hatuna alama," nikamwambia.

"Alama ni ya wanaotaka kujua mapema."

Nyumba yangu ikanivuta shati. "Mwalimu, mwenzangu ananyolewa. Nitie maji."

Nikaieleza kwa upole, maana methali hiyo nimeifundisha miaka ishirini na sita. Si maji yenyewe, nikasema. Maana yake, jambo likimpata jirani, nawe jiandae, liko njiani kwako. Hutumika kumtahadharisha mtu.

"Sawa. Umejiandaaje?"

Wiki tatu zilizopita Kunambi aliniletea barua ya malalamiko niweke saini. Nilimwambia nyumba yangu haijaguswa na mtu, kisha nikamsahihishia mikato na nukta. Niliona aibu, na kuona aibu usingizini ni kazi ngumu kweli.

Mara tuko darasani. Katapila amekaa dawati la mbele, ameinua mkono.

"Mwalimu, naomba kunyoa."

"Subiri kengele."

Kengele, mshenzi yule, ikalia papo hapo. Nikadaka ndoo ya maji ya kufutia ubao, nikaimwagia nyumba yangu yote kichwani. Katapila akaipapasa, akaguna, akatoka nje kuvuta sigara.

"Ahsante," ikasema nyumba yangu. "Na mwenzangu?"

"Maji yameisha."

Ikanipa kisogo. Nikaamka.

Nikasikia matone nje ya dirisha. Nikajifunga shuka, nikatoka. Ni kiangazi, mtaa mzima vumbi tupu, lakini bati langu linachuruzika maji mpaka kwenye ngazi. Kunambi alikuwa amesimama uani kwake na mswaki mdomoni, anatazama juu.

"Mwalimu, shikamoo," akasema. "Hii mvua imenyesha kwako tu?"

Nikalitazama bati lake. Lilikuwa kavu kabisa.

"Marahaba, jirani," nikasema, nikarudi ndani kutafuta kalamu.